Wifi Yangu na Watoto wa Wenyewe

Wifi yangu Mwanakhamis hamwamini mtu. Ukimrudishia sukari uliyoazima, ataionja kwanza. Gari ikisimama njiani akaona imekaa, atatoka na ufagio, afagie pasipo na taka mpaka ajue ni ya nani na inangoja nini. Mimi, Sichana, nimeolewa na kaka yake Masoud tangu tukiwa wabichi, nimemuuguza mama yao mpaka akazikwa, na hadi leo nikimpakulia Mwanakhamis chakula hungoja mimi nitie tonge la kwanza mdomoni. Anasema anasubiri kipoe. Hata mtindi husubiri upoe.

Sote wawili tunalima mwani hapa Matemwe. Shamba lake na langu yamepakana, na kila maji yakitoka hupita kuangalia kama vigingi vyangu havijasogea upande wake. Na kuna jambo ambalo wageni hatuwaambii, kwa kuwa tunaona haya: sisi wanawake tunaoshinda baharini hatujui kuogelea. Watoto wa kiume hujifunza wenyewe kwa utoro. Msichana wa zamani zetu akirudi nyumbani nguo zimemganda mwilini, alikuwa na maelezo ya kutoa. Kwa hivyo tunayajua maji kwa miguu. Yakiwa magotini unafunga mwani, yakipanda mapajani unakusanya kamba zako, yakigusa kiuno uwe umeshageuka. Mwanakhamis hugeuka yakiwa magotini.

Zamani hakuwa hivi, au alikuwa hivi kidogo tu kama watu wote. Alizidi baada ya mumewe, na habari ya mumewe siwezi kuisema kabla sijasema habari ya vunjajungu.

Watu wa mjini, Ramadhani ikikaribia, huvunja jungu. Siku za mwisho za Shaaban hupakia masufuria, mikeka na watoto kwenye magari, wakaja pwani kula na kucheza kabla ya mfungo. Ni desturi nzuri na mimi siigombi, maana siku hiyo mihogo yangu ya kukaanga haifiki alasiri. Lakini tazama mtego ulivyo. Mwisho wa Shaaban ni mwisho wa mwezi, mbinguni hakuna mwezi wa kuonekana, na hapo ndipo panapokuwa na bamvua. Maji ya bamvua hutoka mbali na hurudi kwa nguvu. Basi mwaka nenda mwaka rudi, mtu wa mjini anakuja kwetu katika zile siku ambazo bahari imekauka kuliko siku zote. Anafika saa nne asubuhi, anaona mchanga mweupe mpaka karibu na mwamba, anasema alhamdulillahi, leo bahari imelala. Haikulala. Imekwenda kuchukua nguvu.

Katikati ya mchanga huo pana fungu, limeinuka kidogo, zuri la kutandikia mkeka. Na kati ya fungu na ufukwe pana mkondo. Maji yakiwa yametoka, mkondo unauvuka maji yakiwa nyayoni, watoto wanakamata kaa ndani yake. Maji yakirudi hayaji kwa mbele, kule mtu anakotazama. Huingia kwa upande, yakaujaza mkondo kwanza. Wewe umekaa juu ya fungu, mbele yako pakavu, na nyuma yako pamekwisha kuwa mto. Watoto wetu tunawafundisha hivyo kabla hawajajua kuvaa viatu: ukiwa fungu, tazama nyuma.

Ubwa, mume wa Mwanakhamis, alikuwa mvuvi na mtu wa mzaha, mtu pekee aliyeweza kumfanya wifi yangu acheke huku amefunika mdomo. Vunjajungu moja mtoto wa wageni alichukuliwa na mkondo, na Ubwa akaingia na shati lake. Alimfikia. Mtoto akampanda shingoni akamkumbatia kichwa. Mfa maji haachi kutapatapa, na mtoto mdogo anayetapatapa ana nguvu za watu wazima. Wenye ngarawa walimwahi mtoto. Ubwa walimpata jioni. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka kumkimbiza mtoto wao hospitali, na hakuna aliyepata kujua walikuwa watu wa mtaa gani. Mtoto mwenyewe huenda sasa ana ndevu.

Tulimwambia Mwanakhamis kwamba mumewe amekufa shahidi, maana aliyekufa maji ni shahidi. Alisikiliza, akasema naam. Kisha akauliza, "Na wao walisema nini?" 

Alikaa eda, akatoka, na vunjajungu iliyofuata akashuka pwani na dumu. Dumu la mafuta ya kupikia, tupu, limefungwa kizibo kwa kukazwa, na kwenye kishikio cha dumu amefunga kamba ya mwani ndefu. Tangu hapo kila mwaka ni hivyo. Hupita mkeka hadi mkeka akiwaambia mama za watu waondoke kwenye fungu. Wakisikia, vyema. Wasiposikia, hungoja maji yaanze kuingia mkondoni, akawashika watoto wa wenyewe mikono na kuwaburura mpaka pakavu, wakipiga kelele, hata salamu hatoi.

Sasa mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha bila kumsema. Mwanakhamis hakujaaliwa mtoto, na wanawake wa pwani walisema anatafuta wa kuokota. Wengine walisema pana jambo zaidi ya hilo, kwa nini kila mtoto akichukuliwa na maji yeye yupo? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nilikuwa nawajibu kwa ukali, huyo ni wifi yangu, lakini moyoni na mimi nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni. Mtu aliyeporwa mume na watoto wa watu, akae awapende? Siku moja tukiwa tunafunga mwani nilimuuliza.

"Wifi, hebu niambie kweli. Unawatakia nini watoto wa wenyewe?"

"Mie? Siwataki hata kidogo."

"Basi mbona unawaburura?"

Akakaza fundo, akalivuta kwa meno. "Mtoto akiwa juu ya mchanga, hakuna mwanamume atakayeingia majini kumfuata. Weye una mwanao, unamjua alivyo."

Namjua. Mwanangu Abdulla huwapeleka wageni kuogelea kule Mnemba kwa boti ya watu, na maji kwake ni kama ukumbi wa nyumbani. Zaidi ya mara moja amewatoa watu waliozidiwa, wakampiga picha, na picha zikazunguka kwenye simu mpaka Makunduchi. Nikimsema hunijibu, "Mama, mwanamume hasimami ukingoni." Ndiye mwanangu wa kiume wa pekee. Mwanakhamis, shangazi yake, amemlea kwa nusu, na nusu yenyewe ndiyo iliyokuwa na nyama. Ni mtu pekee ambaye wifi yangu hamshuku kwa lolote. Sote wawili vunjajungu ikikaribia hatulali, na sababu ya kutolala ni hiyo hiyo moja.

Mwaka huu iliangukia Jumapili. Asubuhi bahari ilikuwa imetoka mbali, hata majani ya baharini yanaonekana yamelala ubavu. Ukoo mmoja wa Mkunazini ulikuja na magari mawili, ukatandika juu ya fungu lenyewe. Aliyekuwa akiagiza ni mama mmoja kijana, Nassra, na watoto wake wawili: Haitham, mvulana wa kama miaka minane, na Rukaiya, mdogo kwake, mwenye gauni jipya. Mwanakhamis alivuka na dumu lake, na mimi nikamfuata na sinia la mihogo, kwa kuwa wateja ni wateja popote walipokaa.

"Shikamoo, bibi," alisema Nassra. Adabu alikuwa nayo.

"Marahaba. Mwanangu, kunjeni mikeka mrudi kule juu. Hapa si pa kukaa."

"Kwani pana mwenyewe?"

"Pana bahari."

Nassra akacheka. "Bibi, sisi tumekulia Forodhani. Huyu Haitham anajirusha ukutani pale tangu hajaota meno ya pili. Na bahari yenyewe ile kule. Tukiiona inakuja tutaondoka."

"Hamtaiona. Inakuja kwa nyuma, kwenye huu mkondo mliovuka. Huku mbele kutakuwa kukavu."

Nassra akageuka. Alichokiona ni maji ya kuosha nyayo na mtoto amechutama anachokoa kaa. Akamrudia Mwanakhamis, akamtazama kanga iliyopauka, miguu iliyochanwa na mawe, kisha akalitazama dumu. Uso wake ukabadilika.

"Na hilo dumu la nini?"

"La kuokolea."

"Kumuokoa nani?"

Mwanakhamis akalihamishia dumu mkono wa pili. Hana ulimi wa kujieleza, na hilo ndilo linalomponza. Nassra akafikiri amepata maana, akachukua sahani, akapakua pilau na kipande cha kuku, akampa ale nyumbani. Alimdhani ombaomba. Nilitamani mchanga unimeze. Wifi yangu akaipokea sahani kwa mikono miwili, akasema ahsante, na tulipofika ufukweni akainusa, akawatilia paka, akakaa pembeni kuangalia kama watakufa.

Adhuhuri ilipoingia, wanaume wa ukoo ule walikwenda msikitini. Wanawake jua liliwashinda, wakahamisha masufuria na mikeka chini ya mivinje, kule juu ufukweni. Watoto waliwaacha fungu wakicheza mpira. Ukikaa chini ya mivinje, fungu unaliona pale pale, unafikiri ukinyoosha mkono utalifikia. Kilichokuwa katikati hawakukitazama. Mkondo ulikuwa umeanza kwenda.

Mimi nilikuwa nimeinamia karai la mafuta. Niliponyanyua kichwa nilimwona Mwanakhamis yumo majini anatoka fungu, amemkamata Rukaiya kifundo cha mkono, dumu amelishika kwa mkono mwingine, na maji yako kiunoni mwake. Mtu anayegeuka yakiwa magotini. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya juu kabisa na gauni jipya limeloa. Walipofika pakavu, Mwanakhamis hakujua mama mtu amekaa chini ya mvinje upi, basi akashika njia iliyo karibu, na njia iliyo karibu inaelekea majumbani kwetu. Nassra akainua macho na kumwona yule bibi wa dumu anakwenda na mwanawe.

Siku zile simu zote zilikuwa zimejaa sauti za watu wakihadithia watoto kuibwa. Hakuna mtoto aliyeibwa ninayemjua mimi, lakini kila mtu alikuwa na shoga yake mwenye jirani yake aliyeibiwa. Nassra alipiga ukelele mmoja tu, "Mwizi wa watoto!" na pwani nzima ikasimama. Walitoka watu wasiojuana, wa Mkunazini na wa kwingine, wakamzunguka. Walimshika mikono yote miwili. Mwanamume mmoja akalichukua dumu, akalitikisa sikioni, akasema humu mna dawa. Nassra amemkumbatia mtoto, hataki mtu amguse. Simlaumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Kuna mwengine," Mwanakhamis akasema. "Kuna mwengine kule."

Wakadhani anakiri kwamba pana mtoto mwingine amemficha. Mmoja akamzaba kofi. Nikaliacha karai nikapenya kwa viwiko. "Mwacheni, huyo wifi yangu! Tazameni fungu!"

Hakuna aliyetazama. Wale watoto wakubwa waliobaki fungu na Haitham waliposikia kelele za ufukweni walikuwa wamevuka mbio kuja kuona, maji yakiwafika kifuani, wakafika. Haitham alirudi kufuata mpira. Alipougeuza uso alijikuta peke yake juu ya kijichanga kisichozidi ukumbi, akaona aibu au aliogopa, sijui, akajitosa.

Nitasema haki: mtoto alikuwa anajua kuogelea. Mikono yake ilikwenda vizuri. Lakini Forodhani unajirusha, unapiga mbizi, unafika kwenye ngazi unapanda. Mkondo wetu hauna ngazi. Alikuwa akiukabili ufukwe na mkondo ukimpeleka kwa ubavu, na kila akitazama mbele mivinje ilikuwa imesogea. Kisha akaacha kupiga mikono mbele, akaanza kuipiga juu, na hapo mimi nikajua. Nikajua pia nani atakayefuata.

Abdulla alitoka upande wa boti akikimbia, anavua fulana njiani. Nikamwita, "Abdulla, dumu! Chukua dumu!" Alinisikia, najua alinisikia. Akaingia mikono mitupu.

Alimfikia upesi. Akamshika kwa nyuma kama walivyofundishwa, lakini mtoto aligeuka kama samaki, akamkwea, mikono shingoni, magoti kifuani. Kichwa cha mwanangu kikazama. Kikatoka. Kikazama tena na kilipotoka mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti. Nikampokonya yule mwanamume dumu, nikaingia majini mpaka mapajani, nikalitupa. Mimi si mtupaji. Lilianguka karibu, kamba ikaniteleza viganjani, ikaenda zake na dumu lake likielea peke yake.

Mwanakhamis alikuwa amejichomoa. Alimwachia mtu kanga yake mkononi, akanipita akasimama mbele yangu, maji kifuani, asiyejua kuogelea. Akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo hata siku ya Ubwa.

"Abdulla! Mwache! Mwache huyo, rudi!"

Pwani nzima ilisikia. Nassra, ambaye sasa alikuwa ameona, alisikia akiwa hatua chache nyuma yetu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Na Abdulla akatii. Tangu mdogo akiitwa na shangazi yake hufanya kwanza, huuliza baadaye. Akaibandua mikono ya mtoto shingoni mwake, mmoja baada ya mwingine, akamsukuma. Mtoto akazama.  Kisha Haitham akaibuka, mkono wake ukapiga huku ukapiga kule, ukapiga kitu cha manjano. Mkondo ulikuwa umelileta dumu. Akalikumbatia kwa mikono na miguu, na Abdulla, akikohoa, akaiona kamba ikipita mbele yake akaidaka. Wakaja hivyo, yeye mbele na kamba, mtoto nyuma na dumu, mpaka wanaume walioshikana mikono wakawapokea. Haitham alitapika maji na pilau yote, akalia, kisha akauliza mpira wake uko wapi. Abdulla nilimlaza mapajani kwangu na nikampiga makofi ya mgongo mpaka aliponiomba niache.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Alasiri ile ile tuliitwa barazani kwa sheha, Bwana Msabah. Mume wa Nassra alikuwa ametulia, macho mekundu, anataka kushukuru waende zao. Nassra hakutaka.

"Mie nashukuru mwanangu mzima," alisema. "Huyu kaka Mungu amlipe. Lakini huyu bibi alimchukua binti yangu akaenda naye, na mwanangu alipokuwa anakufa alisema aachwe. Nimesikia kwa masikio yangu. Nataka nijue ni mtu wa namna gani."

Sheha akamgeukia Mwanakhamis. Wifi yangu alikuwa ameinamia vidole vya miguu yake na shavu limevimba. Kama nilivyosema, hana ulimi. Mimi ninao.

"Bwana Sheha," nikasema, "binti alimtoa kwa sababu maji yalikuwa yanamfika kidevuni. Na kumwambia Abdulla amwache mtoto, ndivyo inavyofanywa. Mtoto akikushika shingo mnakufa wote wawili. Unamwachia ili ashike dumu, na wewe unashika kamba. Dumu lilikuwa limeshatupwa. Wifi yangu amekuwa akilibeba miaka yote kwa kazi hiyo."

Baraza zima likaitikia kwa kichwa. Abdulla akanitazama, kisha akamtazama shangazi yake kwa macho ya kumstahi kama anamwona upya. Mume wa Nassra akasimama akampa Mwanakhamis mkono, akaomba radhi kwa kofi ambalo hakulipiga yeye. Sheha akasema baadhi ya dhana ni dhambi, akatuhimiza tusameheane, mwezi mtukufu unaingia.

Nassra naye aliomba radhi. Lakini alipokuwa akipanda gari alisimama akanitazama mimi, si Mwanakhamis, akanitazama kwa muda, na nikaona kwamba hakuniamini. Nilichukizwa naye. Njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu, watu wengine hata uwaokolee mtoto hawaridhiki.

Abdulla hakungoja Idi. Ramadhani ile ile, jioni kabla ya futari, aliwakusanya vijana wenzake wa boti akawafundisha: hakuna kuingia mikono mitupu, mtoto akikupanda mwachie, mpe dumu, wewe shika kamba. Wakaomba madumu matupu majumbani, wakayafunga kwenye vigingi kando ya mkondo. Walikuwa wakizamishana kwa zamu na kucheka. Kila akifundisha husema, "Haya ni maarifa ya shangazi yangu." Watu waliokuwa wakimsema Mwanakhamis sasa wanamsalimia kwanza. Mimi nikajiona nimeolewa kwenye ukoo wa wataalamu.

Mwanakhamis mwenyewe hakwenda kuwaangalia hata mara moja. Wakianza, yeye hupita njia ya nyuma.

Baada ya Idi tulikuwa majini tunafunga mwani, maji ya magotini, na kwa mbali vijana wakirushiana dumu. Nikamtania. "Wifi, umekuwa mwalimu na huji darasani. Au unawashuku wanafunzi wako?"

Hakucheka. Alifunga fundo, akafunga jingine.

"Mie dumu sikuliona," akasema.

"Dumu gani?"

"La siku ile. Sikujua kama umelitupa. Nilikuwa namtazama Abdulla tu." Alikuwa akizungumza na kamba. "Nilimwambia amwache ili arudi. Basi. Si kwa dumu wala kwa nini."

 Akilini nilimwona Haitham akizama, nikamwona Nassra mlangoni mwa gari. Mama yule alikuwa na haki. Alikuwa amesikia sawasawa, na mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba amekosea.

"Na yule mtoto?" niliuliza.

"Yule alikuwa na mama yake."

"Mama yake alikuwa ufukweni, Mwanakhamis. Angefanya nini?"

"Na weye ulikuwa wapi?" Sasa alininyanyulia uso, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Ulikuwa nyuma yangu, mdomo wazi, neno limekukwama. Nilikuona. Weye ni mzazi, ungelisema lile neno na mtoto akafa, usingelala tena mpaka unaingia kaburini. Mie sina mtoto, na kulala nshaacha zamani. Nikaona nikusemee."

 Nikaiacha kamba yangu ikaelea, nikavuka kigingi cha mpaka nikaingia shambani kwake, nikaushika mkono wake uliojaa chumvi nikaubusu. Nililia, sikujificha. Kule mkondoni Abdulla alikuwa akiwapigia kelele wenzake wairushe kamba mbali zaidi.